Simu Sita Nilizopiga Tumbatu

Wanangu wa boti, mlinitaka niandike. Siku ile nilipokuja ofisini Mkokotoni kurudisha darubini na koti la mvua, mlinizunguka mkasema, "Bi Zuwena, tuandikie basi, usende nayo yote Kikwajuni." Haya, nimekaa barazani kwangu na daftari na kikombe cha chai, na hakuna wimbi hata moja la kunimwagia. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika. Anayeyataka hayo akawaulize wenye makaratasi. Mimi niliingia mtembeza wageni na nimetoka mtembeza wageni, na sijaona ubaya wake.

Kabla ya bahari nilitembeza wageni mjini. Milango ya nakshi, vichochoro, soko la Darajani, kisha Forodhani. Kitaliano nilijifunza kwa kukivamia tu, nikikosea wanacheka, nikipatia wanashangaa. Bahari nilikuwa naijua kwa kuitazama nikiwa nimekaa ukutani nakula urojo. Ofisi ya Mkokotoni ilipotafuta mtu wa kusema na wageni kwenye boti za nyangumi, nikajitia kimbelembele nikaomba. Marehemu mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Zuwena," akasema, "wewe meli ya Malindi inakutapisha ikiwa bado imefungwa gatini!" Na kweli ilikuwa inanitapisha.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya ngozi vya kisigino na buibui jipya. Hakuna aliyeniambia kwamba pale boti haikusogelei, unaifuata wewe na maji yako mpaka mapajani. Nahodha alikuwa Vuai, Mtumbatu, mtu mfupi mwenye mikono mipana, mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba." Akatazama chini. "Viatu hivyo unampelekea nani?"

Nikavivua. Tulikuwa hatujakimaliza kisiwa cha Tumbatu nilipoanza kutapika, na nilitapika vizuri, ndani ya kofia ya mgeni. Mwenye kofia alikuwa bibi wa Kitaliano, makamo ya mama yangu. Alinishika kichwa, akanifuta uso kwa leso yake, akanisimulia kuhusu wajukuu zake mpaka nikatulia. Siku ile yeye ndiye aliyenitembeza mimi. Nyangumi tuliwaona wawili, naambiwa, maana mimi nilikuwa chini ya benchi.

Vuai hakunicheka, ila jioni aliniuliza kama kesho nitarudi. Nikasema nitarudi. "Basi kesho kula mkate mkavu na tangawizi," akasema, "na usitazame sakafu ya boti. Tazama mbali." Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo sijui dawa iliyo bora kuliko hiyo. Wale mnaowapa wageni chai ya maziwa na chapati za samli saa moja ya asubuhi kisha mnauliza kwa nini wametapika, mimi nawashangaa.

La pili lilichukua muda zaidi. Nilikuwa natafuta nyangumi, yaani mnyama mzima, mweusi, kama alivyo kwenye picha ya ofisini. Vuai akanikataza. "Yeye humwoni. Tafuta pumzi yake." Povu la wimbi, alinionesha, huinuka na kuanguka hapo hapo. Pumzi ya nyangumi husimama kidogo, nyeupe, halafu upepo ukaichukua. Ukishaiona, usipige kelele "kule, kule!" na kidole kikizunguka, maana wageni kumi watatazama pande kumi. Sema upande wa omo, yaani mbele, au wa tezi, nyuma, au mkono wa kulia, na usimame wewe mwenyewe uelekee huko. Watu hufuata kifua chako kuliko mdomo wako. Nilichukua msimu mzima wa kusi kulijua hilo, tangu walipoanza kupita nyangumi mpaka walipokwisha.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Ndoo mbili, moja ya kutapikia na moja ya kunawia, na msizichanganye. Mimi nilichanganya mara moja, na yule bwana hakunisamehe. Chupa ya chai ya tangawizi, malimau, na kanga kuukuu nne. Hizo kanga nimezitumia kufunika mabega yaliyoungua, kufunga mkono uliokatwa na ndoana, na kumsitiri bibi harusi aliyepeperushwa gauni na upepo. Darubini ilikuwa na jicho moja tu, la pili lilikufa kwa chumvi, nami nikazoea hata nilipoletewa mpya nikawa nalifumba jicho la kushoto.

Na wageni! Kuna bwana mmoja aliniuliza nyangumi wanatoka saa ngapi. Nikamwambia wako njiani. Akaangalia saa yake akaridhika. Lakini msidhani wagumu wote walikuwa wazungu. Tuliwahi kuwachukua kina mama wa Makunduchi, wakulima wa mwani, waliokuja kutembea. Tangu Mkokotoni walikuwa wakilalamika: boti inakwenda mbio, jua kali, na mimi nasema Kiswahili cha puani. Mara nyangumi akainuka karibu, mgongo wote, akashusha pumzi. Yakapigwa vigelegele mpaka Vuai akaziba masikio. Mmoja wao, Bi Mtumwa, alikuwa akitokwa na machozi. "Miaka yote nimo majini mpaka kiunoni," akasema, "na huyu alikuwepo!" Nami nikalia naye, sikuona haya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana mnalijua nusu nusu na kila mtu analisimulia anavyotaka.

Tangu nilipoingia kazini nilikuta desturi ya kupigiana simu. Mwenye kumwona nyangumi kwanza huwapigia manahodha wenzake, wote, bila kuchagua, hata kama jana mlitukanana. Leo umeona wewe, kesho ataona mwenzio. Asiyepiga huitwa mchoyo, na mchoyo pale pwani hata nafasi ya kukaa kunywa chai hapewi. Na simu hiyo hiyo ndiyo ya kuokoana. Mashine ikikufia nje, unapiga, na wanaacha wageni wao waone wasione, wanakuja kukuvuta. Hakuna anayeuliza. Wameitwa, wanakuja.

Kwenye boti yetu kupiga simu ilikuwa kazi yangu, kwa sababu Vuai alishika usukani na kwa sababu, alisema, mimi napenda kusema.

Asubuhi moja ya bamvua, yale maji yanayojaa sana na kutoka sana, tulimkuta mama na mtoto wake. Hawakuwa nje kwenye kina. Walikuwa wameingia ndani, baina ya Tumbatu na Unguja, pahala penye mchanga na miamba, ambapo maji yakijaa ni bahari na yakitoka watu hutembea wakiokota kombe. Mama alikuwa mkubwa kuliko boti yetu na nyengine tukiziunga. Mtoto alijilaza ubavuni kwake akipumua pumzi ndogo ndogo. Wageni wangu walishikana mikono. Nami, kwa furaha na kwa mazoea, nikatoa simu, nikawapigia manahodha sita, mmoja baada ya mmoja. "Njooni! Ana mtoto! Ndani ya Tumbatu!"

Walikuja wote, na wote walitokea upande wa kina, hakuna njia nyengine. Wakajipanga upinde, omo ndani, mashine zikinguruma ili mkondo usiwasukume. Boti sita. Ya katikati ilikuwa ya Ame, nahodha kijana wa Mkokotoni, kubwa kuliko zote, mashine mbili. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alitafuta mahali wageni wake waone. Lakini walikuwa wamesimama mlangoni.

Mama aligeuka atoke nje. Akafika karibu na mashine, akazama, akarudi ndani. Wageni wakapiga makofi. Akajaribu tena upande wa pili, akarudi, na safari hii mtoto alibaki nyuma yake akizunguka peke yake. Vuai akatazama nguzo za wavuvi pale kando, zilizolowa na kuanza kuonekana.

"Maji yanatoka," akasema.

"Yanatoka kwa kasi?"

"Bamvua, Bi Zuwena. Baada ya muda kidogo hapa atakaa juu ya mchanga." Akanigeukia. "Umewaita wewe. Waondoshe wewe."

Nikasimama juu ya benchi nikapiga kelele: jamani, rudini nyuma, fungueni njia, maji yanatoka! Mashine zilikuwa zinanguruma. Nikapiga tena. Ame akaweka mkono sikioni, kisha akanijibu kwa kicheko, "Si ndo wewe ulotwita?" Nikasema mara ya tatu, mpaka sauti ikakatika, nikampigia na simu, akaiona, akanipungia mkono. Mtoto wa nyangumi alikuwa ameshaanza kutifua mchanga kwa mkia.

Hapo nikafanya nililolifanya. Niliiweka simu sikioni kama niliyepigiwa, nikaisikiliza, nikaruka juu nikaonesha kaskazini kwa mkono mzima. "Nungwi! Watatu wakubwa! Wanaruka!" Hilo walilisikia. Ajabu, eh? La maji kutoka hawakulisikia, la Nungwi wakalisikia wote. Ame aligeuza wa kwanza, na wengine nyuma yake, mpaka povu lao likatufikia.

Vuai hakugeuza. "Nani kakupigia?"

"Hajanipigia mtu."

Akazitazama tena zile nguzo. Kisha akazima mashine. "Haya, tuwatoe hawa kwanza." Tukachukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, yeye tezi na mimi omo, tukaisogeza boti taratibu mpaka kwenye miamba, njia ikabaki wazi. Nikawaambia wageni ukweli wote, kwa Kitaliano na kwa Kiingereza, na nikawaomba wasiseme. Hakusema mtu. Mama alikaa kwanza, kama asiyeamini ukimya ule. Kisha akamfuata mtoto, akamweka ubavuni, wakaja. Walipita mbele yetu hivi, mchanga ukipanda chini ya tumbo lake na maji yakawa rangi ya maziwa. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti. Wakafika kwenye maji ya buluu, wakazama, na pumzi zao, kubwa na ndogo, tukaziona mbali kabisa, nje ya mwamba.

Wageni walilia na kukumbatiana. Mimi nilikaa. Vuai alikuwa anakunja kamba, akasema pole pole, bila kunitazama, "Vizuri. Lakini siku moja mashine itatufia nje, utapiga simu. Nani atakuja?"

Alasiri Ame alikuwa ananingoja pwani, na wale watano nyuma yake. "Nimekwenda mpaka Nungwi, Bi Zuwena. Nimezunguka mpaka mbele ya mnara wa taa. Wageni wangu wamenitukana kwa lugha nsizozijua. Nani alikupigia?"

Ningeweza kusema wameshazama, wameshaondoka. Nikasema, "Hakuna. Nilisema uongo."

"Kwa nini hukusema kweli?"

"Nilisema, Ame. Mara tatu. Hukusikia."

"Basi," akasema, "na sisi hatutakusikia." Na wakaondoka, wala hakuna aliyenikaribisha chai.

Msimu wote uliobaki simu yangu ilikuwa ya dada yangu tu, kuniagiza samaki, changu. Nyangumi tuliwatafuta wenyewe, na Vuai hakunilaumu hata siku moja. Hilo niliweza kulibeba. Lililoniuma ni jengine. Siku moja nje ya Mwana wa Mwana, kile kisiwa kidogo cha kaskazini, mashine ilikufa kweli. Upepo ulikuwa mkali na wageni walikuwa na watoto. Vuai mikono yake imo ndani ya mashine, mafuta mpaka viwikoni, akasema, "Piga." Nikapiga. Wa kwanza hakupokea. Wa pili hakupokea. Wa tatu akapokea, akanisikiliza, akasema, "Nungwi au wapi?" na akakata. Mkondo unatuchukua, watoto wanalia, na mimi nimeshika simu ambayo haina kazi. Vuai akafuta mikono, akapiga kwa yake. Dakika chache tu Ame akatokea, akatupa kamba, na kabla hajaifunga akauliza, "Kweli imekufa?" Nililia njia nzima mpaka Mkokotoni. Nilikuwa nimemwokoa nyangumi mmoja na mwanawe, na nilikaribia kuwazamisha watu.

Usiku wala mchana sikujua kama nilifanya sawa. Hata leo mkiniuliza kama ni halali kusema uongo ule, nitawapa chai kwanza.

Kusi iliyofuata, wiki za mwanzo, simu ililia nikiwa ofisini. Ame. Nilidhani amekosea namba.

"Bi Zuwena." Alikuwa anasema chini chini. "Niko ndani ya Tumbatu. Yuko na mtoto, pale pale. Maji yanatoka. Sijampigia mtu mwengine. Nifanyeje?"

"Mashine inanguruma?"

"Naam."

"Zima. Toka mlangoni kwa pondo. Ngoja."

Nilisikia mashine ikinyamaza. Hakukata simu, wala mimi sikukata. Tulikaa hivyo, yeye na mimi, tunasikiliza maji, mpaka akasema, "Wametoka. Lahaula, mkubwa huyu! Wametoka." Kisha akasema, "Nlikuwa nshamtafuta wa kumpigia. Mkono umezoea."

Jioni ile aliniletea chai mwenyewe, mbele ya watu. Vuai akawaita wote pwani, akazungumza maneno machache, kwa sababu mengi hakuwa nayo. Desturi ikabaki, ila ikapunguzwa pahala pamoja: nyangumi mwenye mtoto haitiwi watu. Ukimkuta, tazama kwa mbali, zima, ondoka, nyamaza. Na anayeitwa kuokoa aje, hata aliyemwita akiwa Zuwena. Hili la mwisho Ame ndiye aliyelitia, na wote wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao.

Baada ya hapo miaka ilikwenda vizuri, na miaka mizuri haina mengi ya kuandika. Vuai amestaafu kabla yangu. Yuko kwao Tumbatu, anaunda mitego na kukosoa kila boti inayopita. Nimejifunza Kifaransa kibovu. Nimetapika mara chache tu.

Siku yangu ya mwisho mnaikumbuka, mlinifungia shada la asumini omo. Nilitaka kumwona mmoja, nisiwafiche. Nilikuwa nimeshamwambia kila mgeni kwamba leo Bi Zuwena anaagwa, na nyangumi lazima waje kuniaga. Tukatoka mpaka mbele ya Nungwi, tukarudi, tukapita nje ya Tumbatu. Bahari nyeupe, upepo, ndege wawili. Kila dakika natazama simu. Kimya. Nikajisemea, hawa wote hawajaona au wamenisahau? Tukarudi na wageni wamelowa, wananifariji mimi. Sikuwa na huzuni sana, lakini kidogo nilikuwa nayo.

Nilikuwa navaa viatu pwani Ame alipokuja kwa maji ya magotini. Sasa ana mvi mbili tatu, na bado anacheka kabla ya kusema. Safari hii hakucheka.

"Nilikuona ukipita, Bi Zuwena. Ile saa nne, nje ya Tumbatu. Ulikuwa umesimama omo na darubini yako, jicho moja umefumba."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani. Nimezima. Nilikuwa naye, karibu hivi." Akaonesha boti ya jirani. "Kidole kilikuwa juu ya jina lako. Nkasema, leo siku yake ya mwisho, leo tu, nani ataudhika?"

Viatu nikavisahau mkononi. "Ana mtoto?"

"Mdogo, Bi Zuwena. Hata kupiga mbizi hajui vizuri."

"Ukafanyaje?"

"Nkaitia simu mfukoni," akasema, na macho yake yalikuwa yananiomba radhi. "Hukumwona kwa sababu yangu."

Nikamshika mkono, ule mkono wake uliojaa chumvi. "Ahsante, mwanangu," nikamwambia, na nikapanda gari ya mjini nikiwa na furaha kuliko siku yoyote niliyowahi kumwona nyangumi.